Medius na Maikrofoni Isiyopendelea

Kwa miaka karibu ishirini Medius alikuwa na kibanda cha video pale Bwera, kando ya barabara iendayo mpaka wa Uganda na Kongo, na kwa miaka yote hiyo mahali pake palikuwa mlangoni. Alikaa kwenye kiti cha mbao, mfuko umefungwa kiunoni, mguu mmoja umenyooshwa tayari kumzuia yeyote aliyetaka kupenya chini ya pazia bila kulipa. Juu yake, upande wa kulia, ilining'inia spika kubwa iliyotazama nje, ili wapita njia wasikie risasi na vilio na kutamani kuingia. Spika ile iliwaita wateja, ikamlisha yeye na mumewe Kezironi, ikamsomesha mwana wao Ronnie mpaka akafika Kampala. Na polepole, pasipo mtu kutambua, ikalila sikio lake la kulia.

Daktari wa Kasese alimwambia waziwazi kwamba mshipa wa kusikia ukifa haufufuki. Sikio la kushoto lilikuwa zima, ila nalo lilianza kuchoka kwenye milio ya juu kabisa, ile ya ndege wadogo na ya filimbi. Medius alishukuru, akatoka, akapanda bodaboda kurudi kazini. Lakini maneno yale yalimfanya afikirie jambo ambalo hakuwahi kulifikiria. Mwenye kibanda yule, aliyewaonyesha filamu watu wa Bwera na wa ng'ambo ya mto, hakuwahi kuona filamu hata moja kutoka mwanzo hadi mwisho. Angeona mwanzo, kisha ugomvi mlangoni. Angemwona mtu amening'inia kwenye mwamba, kisha jenereta inazimika, anakimbilia nyuma kuiwasha. Akirudi, yule mtu wa mwambani anafunga ndoa.

Kezironi alifariki. Simu na ving'amuzi vikaingia kila nyumba, na vibanda vikaanza kufa kimoja baada ya kingine. Medius hakungoja chake kimfie mikononi. Alikifunga mwenyewe, akauza mabenchi, akahamia Rukoki, nje kidogo ya mji wa Kasese, kwenye kiwanja alichokuwa amekinunua kwa jasho la mlangoni. Akajenga nyumba ya vyumba vitatu. Watu walipodhani amemaliza, akawaita waashi tena. Alitaka chumba cha nne upande wa nyuma, kuta nene za tofali mbili, dirisha moja dogo, na dari ya mbao chini ya mabati.

"Chumba cha nini hiki, mama?" aliuliza fundi.

"Cha kutazama filamu."

"Kumbe unafungua kibanda tena!"

"Sifungui. Kibanda kilikuwa chenu. Hiki changu."

Huo ulikuwa mwaka 2015, wakati wa mavuno ya pamba, na habari ilipanda mlima hadi Kyondo kabla ya ukuta kufika kwenye linta. Huko Kyondo alikuwa akiishi Nobert, mdogo wake Kezironi, mnunuzi wa kahawa na pamba, mtu wa mabega mapana na pikipiki yenye honi ya lori. Aliteremka kuja kuona. Alikizunguka chumba mara mbili, akagonga ukuta kwa ngumi, akachungulia ndani, akatabasamu kama mtu aliyeokota kitu njiani.

"Shemeji, umejenga ghala zuri sana."

"Si ghala."

"Kuta nene, dirisha dogo, hakuna unyevu. Magunia yangu yangelala humu kama wafalme."

"Wafalme watafute kwao. Humu nitatazama filamu."

Nobert alicheka, kisha akanyamaza alipoona anacheka peke yake. "Wewe husikii, Mama Ronnie. Kila mtu anajua. Kipofu hanunui kioo."

"Sikio moja halisikii. Hili jingine linasikia, na linakusikia unachosema."

"Nyumba hii ni ya kaka yangu. Ukoo una neno hapa."

"Kaka yako amelala Kyondo," alisema Medius, "na tofali la kwanza la nyumba hii lilifyatuliwa yeye akiwa tayari kaburini. Kama aliamka akaja kushika mwiko, mimi sikumwona."

Nobert alipanda pikipiki yake. "Tutaona," alisema.

"Utaona wewe. Mimi nitatazama."

Vyombo alivipata kwa Kakule, mfanyabiashara wa Butembo, upande wa Kongo, aliyekuwa akivusha bidhaa Bwera, mtu mwenye maneno mengi na tamaa kidogo, ambaye alikuwa amemuuzia amplifaya tangu enzi za kibanda. Alimletea projekta, spika tano ndogo, spika moja kubwa ya besi, ile milio mizito ya chini, na amplifaya ya sinema ya nyumbani, iliyotumika lakini nzima. Amplifaya za namna hiyo hutoka kiwandani na maikrofoni ndogo ya kukipima chumba, ili mashine ijue spika ipi iko karibu na ipi iko mbali, na ipi inapiga kelele kuliko nyingine. Hii ilikuja bila maikrofoni yake. Ilikuwa imepotea njiani, au kwa mwenyewe wa kwanza, nani ajuaye.

Medius aliunganisha kila kitu mwenyewe. Waya hazikumtisha, alikuwa amezifunga na kuzifungua nusu ya maisha yake. Akaweka kiti chake katikati kabisa ya chumba, kiti cha kitambaa chenye mikono mipana, akawasha.

Sauti ikatoka, lakini haikukaa vizuri. Maneno ya watu yalimezwa. Besi ilinguruma kwenye pembe na kutoweka kitini. Sauti yote ilielemea kushoto. Na hapo ndipo kichwa kilipoanza kumuuma, kwa sababu hakuweza kujua kosa ni la nani. Je, ni chumba? Ni spika? Au ni yeye? Alimwita jirani, akasema mbona iko sawa. Akamwita fundi wa redio wa mjini, akasema spika ya kulia imechoka, inunuliwe nyingine. Mwalimu wa kwaya alisema tatizo ni dari. Kila mmoja alikuwa na neno lake, na kila mmoja alipomaliza alilitazama sikio lake la kulia kwa huruma.

Huruma ile ndiyo iliyomwudhi. Angeweza kuvumilia sauti mbaya. Hakuweza kuvumilia kuambiwa, ndani ya chumba chake, kwamba hawezi kujua iliyo nzuri.

"Nataka maikrofoni ya kupima," alimwambia Kakule.

Kakule akamletea maikrofoni nzito inayong'aa, yenye kichwa cha wavu kama yai la bata. "Mama, hii iko nguvu kabisa. Hata pasta moja ya Beni iko nayo."

"Nimesema ya kupima, sikusema ya kuhubiri."

"Mama, micro iko micro."

Medius hakubishana naye. Aliipeleka maikrofoni hiyo, micro ya Kakule, sokoni Bwera, kwenye kibanda cha vitenge cha Jeanine, binamu yake Kakule. Jeanine alikuwa mwanamke wa miaka arobaini hivi, mrefu, mwenye rozari shingoni na kicheko cha ghafla. Kabla vita havijamfukuza alikuwa akipanga sauti kwenye redio moja huko Butembo. Sasa alipanga vitenge. Alipoiona maikrofoni aliugusa wavu wake kwa kidole, kama mtu anayemsalimia jamaa wa mbali.

"Yaya, hii iko ya kuimba. Haiko ya kupima." Kwao Kongo yaya ni dada mkubwa.

"Tofauti yake nini?"

"Hii inapenda mutu anasimama mbele yake. Sauti ya nyuma inakataa. Besi ya chini kabisa inakataa pia. Na hapa katikati inaongeza kidogo, juu ya mwimbaji asikike muzuri."

"Kwa hiyo ni mwongo."

"Haiko mwongo. Iko na upendeleo." Jeanine alimrudishia. "Weye unatafuta ile haina mupenzi."

Akamweleza, huku akikunja vitenge. Maikrofoni ya kupima ina mwili mwembamba kama kalamu nene na kichwa kidogo kuliko ncha ya kidole. Inasikia pande zote sawasawa. Besi haiiongezi wala haiipunguzi, mlio wa juu haiupambi. Na iliyo nzuri kweli huja na namba yake, na kwa namba hiyo kiwanda hukupa faili ya kompyuta iliyopimwa kwa ajili yake peke yake.

"Juu ya nini faili, kama ni ya haki?" aliuliza Medius, ambaye alianza kuongea kama Jeanine bila kujua.

"Sababu hakuna micro ya malaika, Yaya. Zote ziko na zambi. Lakini ile muzuri inakuja imeungama. Inasema, mimi huku juu ninazidisha kidogo, huku chini ninapunguza. Komputa inatoa zambi, inabaki kweli."

Kakule, aliyekuwa amewafuata na kusikia yote, alisema anayo nyingine ndogo, ya amplifaya ya kampuni tofauti, inafanana kabisa. Jeanine akatikisa kichwa. Amplifaya inajua dhambi za maikrofoni yake tu, alisema. Ukiichomekea ya jirani itasahihisha makosa yasiyokuwepo na kuacha yaliyopo. Bora ile ya waya wa kuingia moja kwa moja kwenye kompyuta, yenye namba yake.

Iliagizwa, na ilichelewa. Ilipofika hatimaye Kakule aliishika kwa vidole viwili, amekata tamaa. "Mama, kitu kidogo hivi! Ile ya pasta ilikuwa na kilo."

"Sinunui nyama," alisema Medius.

Alianza mwenyewe, bila kumngoja mtu. Kompyuta ilikuwa ya zamani, Ronnie alikuwa ameiacha likizoni. Programu ya kupima ilikuwa ya Kiingereza, naye alikisoma taratibu, kidole kikitembea kwenye kioo. Akaazima stendi ya miguu mitatu kwa mpiga picha wa Kasese, akaifunga maikrofoni juu yake, akaiweka pale kilipokuwa kiti, kwa urefu wa sikio la mtu aliyekaa, kichwa chake kikitazama dari. Hakuishika mkononi, maana mkono hutetemeka na mwili huziba sauti. Akazima friji. Akangoja mashine ya kusaga mahindi ya jirani inyamaze. Akatoka nje kuwaomba kuku, lakini kuku hawaombeki, akawafukuza.

Kisha akabonyeza.

Mlio ulianza chini, kama lori zito linalopanda mlima mbali sana, kiasi kwamba aliusikia kwa miguu kabla ya masikio. Ukapanda. Ukawa ngoma, ukawa sauti ya mwanamume, ukawa ya mwanamke, ukawa filimbi. Na mahali fulani njiani ukamwacha. Chumba kikawa kimya kwake, lakini kwenye kioo cha kompyuta kazi ilikuwa bado inaendelea. Medius alisimama akiitazama sauti asiyoisikia ikipita mbele yake. Hakulia. Alisema kwa sauti, karibu na hasira, peke yake chumbani: "Kumbe uko hapo. Sasa nimekuona."

Mstari uliochorwa ulikuwa na milima na mashimo chini, na huku juu uliteremka kama barabara ya Kyondo. Medius akaona jibu. Milio ya juu imepungua, basi iongezwe. Akaiongeza kwenye amplifaya hadi mstari ukanyooka. Alipoketi kusikiliza aliona ni sawa, pengine hata bado kidogo.

Nobert alichagua siku hiyo kupita, akiwa na mkewe Yayeri, mwanamke mnyamavu aliyezoea kusimama hatua moja nyuma ya mumewe. Medius, kwa fahari, aliwawashia. Nobert aliziba masikio kwa viganja viwili. Herufi ya "s" ilitoka kama nyoka, vikombe ndani ya filamu viligongana kama vyuma vya gereji, na mbwa wa jirani akaanza kulia.

"Zima!" alipiga kelele Nobert, na alipopata pumzi akacheka mpaka akaegemea ukuta. "Nilisema nini? Nilisema nini, Yayeri? Kiziwi anapanga sauti!"

Nobert alisema kwa wote wawili, akasema Rukoki, akasema Kyondo, akasema kanisani. Baada ya siku chache Ronnie alipiga simu kutoka Kampala.

"Mama, Baba mdogo ameniambia. Kwa nini usiviuze tu hivyo vitu? Chumba ukipangishe."

"Ronnie, wewe ulisoma kwa spika. Usinifundishe habari za spika."

"Mama, sisemi kwa ubaya. Watu wanacheka."

"Wacheke. Kicheko chao hakijawahi kuvunja tofali langu."

Akakata simu. Kwa muda alikaa kwenye kile kiti cha katikati ya chumba, mikono juu ya mapaja, na kwa mara ya kwanza alijiuliza kama Nobert hana haki. Wazo hilo lilikaa naye kama mgeni asiyeaga. Kisha akainuka, akavaa viatu, akashika gari la Bwera kumtafuta Jeanine. Kama amekosea, alitaka kujua amekosea wapi hasa. Kucheka si maelezo.

Jeanine alifunga vitenge vyake mapema akaja naye Rukoki. Hakuuliza habari ya masikio. Alitazama stendi, akatazama kompyuta, akauliza swali moja.

"Yaya, micro ilitazama wapi?"

"Juu. Ku dari."

"Na faili, ulichukua gani?"

"Ile ya namba yake."

"Ziko mbili."

Zilikuwa mbili kweli. Medius alikuwa ameona ya kwanza akadhani ya pili ni nakala. Ya kwanza ilikuwa ya maikrofoni inayoelekezwa moja kwa moja kwenye spika. Ya pili ya maikrofoni inayotazama juu. Ikiielekea spika, maikrofoni huzidisha kidogo milio ya juu, na faili ya kwanza huipunguza. Lakini Medius alikuwa ameielekeza darini, ambako haizidishi. Kompyuta ikapunguza kisichozidi, ikamwonyesha upungufu ambao haukuwepo, naye akauziba.

"Kwa hiyo haikuwa sikio langu," alisema Medius polepole.

"Ilikuwa faili. Hata mimi, ku redio, nilifanya kosa kubwa kuliko hii. Direkta alilia." Jeanine akaangua kile kicheko chake.

Wakaiondoa nyongeza ile, wakapima upya. Mteremko wa Kyondo ukapungua, huku juu mstari ukateremka kwa upole tu. Lakini chini, kwenye besi, palikuwa na shimo refu, na hapo palianza mabishano. Medius alitaka kuongeza besi kwa kifungo. Jeanine alikataa.

"Shimo hiyo haijai, Yaya. Umwage besi yote ya Uganda, haijai. Ni kiti. Umekiweka katikati kabisa, na katikati ndipo sauti ya mbele na ya nyuma zinauana."

"Kiti changu kitakaa ninapotaka mimi."

"Bien, sawa. Kaa mu shimo."

Medius alinuna. Kisha akaichukua stendi mwenyewe na kuisogeza nyuma kidogo, wakapima. Akaisogeza tena, wakapima. Kila aliposogea, shimo lilijaa kiasi, mpaka akafika mahali ambapo lilibaki kama kidimbwi tu. Alisimama hapo, mkono kiunoni, akiutazama mstari. Alikuwa ameshindana na watu wengi maishani, lakini mstari huu haukumcheka wala haukumwonea huruma. Akaenda kukivuta kiti.

Mngurumo wa pembeni waliutibu kwa pamba. Medius alinunua magunia kwa mkulima wa karibu, wakayasimamisha kwenye pembe moja juu ya jingine mpaka darini, Jeanine akayavisha vitenge vya rangi ya udongo. Ukipiga makofi mle ndani, sauti ilikufa pale pale, bila kujibu.

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, walikuwa wakifanya vipimo vya mwisho. Nobert alikuja na ukoo. Alikuwa na mzee Kosmasi, baba mdogo wa marehemu, na wanaume wengine watatu wa Kyondo wenye makoti, na Yayeri nyuma yao. Mlango ulikuwa wazi. Wakaingia bila kubisha.

Medius alikuwa amepiga magoti anakaza stendi. Hakuinuka. Aliinua mkono mmoja, kama alivyokuwa akifanya mlangoni Bwera.

"Kaeni. Kimya. Hii inasikia kila kitu."

Labda ni mshangao, labda ni sauti yenyewe, iliyokuwa imezoea kuwatuliza walevi. Walikaa. Jeanine akabonyeza, na mlio ukaanza kupanda kutoka chini ya sakafu. Wanaume wakatazamana.

"Shemeji, tumekuja hapa—" alianza Nobert.

"Umeharibu," alisema Jeanine, macho kwenye kioo.

"Ameharibu," alisema Medius. "Tunaanza upya."

Mara ya pili mzee Kosmasi alikohoa katikati. Medius alimgeukia tu, na mzee yule, ambaye hajawahi kunyamazishwa na mtu aliye hai, akajifuta mdomo kwa leso. Mara ya tatu hakuna aliyepumua kwa nguvu. Ukoo mzima ulikaa, mikono magotini, ukisikiliza mlio ukipanda hadi ukawa sindano, ukaisha.

Jeanine alikunja uso. "Imebadilika. Batu banakunywa sauti, Yaya. Makoti yote haya."

"Basi tokeni nje," alisema Medius, akiinuka. "Mmekunywa sauti yangu ya kutosha. Maneno yenu nitayasikia barazani."

Barazani Nobert alikuwa mwekundu wa macho. Alisema ukoo umeamua. Alisema mjane hana haja ya chumba kile, na kwamba kitakuwa ghala la familia. Akaonyesha kwa kidole kupitia mlango. "Na tazameni! Magunia yamo tayari! Anatukatalia magunia yetu, lakini yake yamo!"

"Hayo yanafanya kazi," alisema Medius. "Yako yatalala."

Mmoja wa wanaume alicheka, akajizuia. Kosmasi alipiga fimbo sakafuni. "Mwanamke, unataka nini hasa?"

Medius alijipangusa vumbi la magotini. Alitaka jambo lisemwe mara moja tu, lisirudiwe.

"Nataka kukaa kwenye kiti changu, ndani ya chumba changu, nisikie kile kilichobaki kusikika. Nobert anasema mimi kiziwi. Ni kweli, nusu. Kiziwi nusu si marehemu nusu. Kezironi mlimzika, mimi hamjanizika. Sikuombi ruhusa, mzee. Nakuarifu."

Kosmasi hakupendezwa, wala hakujifanya amependezwa. Alisema vyema, na ukoo nao unamwarifu: mavuno ya kahawa yakija, asitegemee mkono wa mtu wao hata mmoja kwenye shamba lake la Kyondo. Wakaondoka.

Na walitimiza. Msimu ule Medius alichuma kahawa yake pamoja na Jeanine na vibarua wa kulipwa, na nyingine ilianguka chini ikaozea udongoni kwa kukosa mikono. Iliuma. Wanawake aliokuwa akiimba nao kwaya walimpita njiani wakitazama upande mwingine. Ronnie hakupiga simu kwa majuma mengi, na alipopiga waliongea habari za mvua. Medius hakusema kwamba haikuuma. Alisema tu kwamba chumba hakitolewi.

Vipimo walikuwa wamevimaliza siku ile ile ya ukoo, baada ya pikipiki kwenda zake. Walizunguka na maikrofoni pale kitini, kidogo kushoto, kidogo kulia, mbele na nyuma, maana kichwa cha mtu hakikai mahali pamoja kama msumari. Spika za kushoto na kulia zilikuja sawa, mistari yao miwili ikitembea pamoja kama ng'ombe wa nira moja. Jeanine alijifuta mikono. "Voilà. Chumba iko ya haki."

Medius aliketi akasikiliza. Sauti bado ilielemea kushoto. Sasa alijua kwa hakika: chumba hakina kosa, spika ya kulia haijachoka, dari haina hatia. Kilichobaki kilikuwa chake.

"Pandisha ya kulia," alisema.

Jeanine aligutuka. "Yaya! Tumetafuta haki wiki nzima, sasa unaiharibu?"

"Siiharibu. Ihifadhi hapo kwenye mashine, wageni wakija watasikia hiyo. Kisha tengeneza nyingine, yangu. Pandisha ya kulia mpaka nikwambie."

"Lakini haitakuwa kweli."

"Ukweli ninaujua uko wapi. Sasa nauvuka kwa miguu yangu mwenyewe, na najua nimeuvuka kwa hatua ngapi. Pandisha."

Jeanine alipandisha kidogo kidogo. Medius alikuwa amefumba macho, kichwa kimeinama. Mahali fulani sauti iliacha kuegemea, ikasogea, ikasimama mbele yake katikati. Aliinua kidole. "Hapo."

Wakafunga pazia mchana ule ule, wakaweka filamu. Ilikuwa ya kawaida, habari ya ndugu wawili na boti lao ziwani. Hakuna aliyepita chini ya pazia. Hakuna jenereta iliyozimika. Majina ya waigizaji yalipomaliza kupanda, Jeanine alikuwa amesinzia na rozari mkononi, na Medius alikuwa bado amekaa wima, macho makavu, akitazama kitambaa cheupe cha projekta kama mtu aliyefika mahali akakuta si mbali kama alivyoambiwa.

Miezi kadhaa ikapita hivyo. Halafu, alasiri moja ya kiangazi, mtu alibisha mlango. Alikuwa Yayeri, peke yake, kikapu cha viazi mkononi kama sababu.

"Mama Ronnie, nilikuwa napita."

Hakuna mtu wa Kyondo anayepita Rukoki kwa bahati. Medius alipokea kikapu na kumkaribisha. Yayeri alisimama mlangoni mwa kile chumba, akasema kwa sauti ndogo kwamba siku ile ya mlio alikuwa amesikia sauti ikimpita mwilini, kutoka miguuni hadi utosini, na hajaisahau. Je, angeweza kukaa kidogo?

Medius alimpa kiti chake mwenyewe, akarudisha mashine kwenye mpango wa haki, akaketi pembeni. Yayeri alivua kitambaa cha kichwa ili asikie vizuri. Alikuja tena juma lililofuata, na jingine, na hakuleta tena viazi.

Mara ya nne, filamu ikiwa katikati, Medius alimwona akigeuza kichwa ghafla kuelekea dirishani, shingo imekaza. Yeye hakusikia chochote kipya. Akapunguza sauti.

"Kuna mtu nje? Ni honi ya pikipiki ya Nobert?"

Yayeri alikaa akisikiliza kwa muda. Kisha akaegemea nyuma, akaweka mikono yake yote miwili juu ya mikono mipana ya kiti.

"Hakuna kitu," alisema. "Ongeza."